Fundi bomba aliyemwita mshenga kwa sababu ya nusu inchi

Saa mbili asubuhi, baridi ya Kihesa mjini Iringa bado haijaachia. Anyelwisye Mwakibinga, fundi bomba kutoka Uyole, Mbeya, amesimama kwenye bafu lililobanduliwa vigae, anatazama rundo la mabomba mapya. Yote ni ya nusu inchi. Anainua moja, analirudisha chini, anashusha pumzi.

"Nimechoka," anasema kwa sauti ya chini, maana mwenye nyumba yupo sebuleni. "Angekuwa mteja mwingine ningeshamwambia, mzee, rudisha dukani."

Mwenye nyumba si mteja mwingine. Ni Mzee Kalinga, baba mkwe wake. Na kwa malezi aliyopewa Anyelwisye kwao Rungwe, mtu habishani na baba wa mkewe, tena ndani ya nyumba yake, eti kisa mabomba.

Lakini maji hayajui ukwe. Yanatoka kwenye tangi lililo juu ya mnara mfupi nyuma ya nyumba, yanazunguka ukuta mzima, kisha yanagawanyika: chooni, kwenye sinki na kwenye bomba la mvua lenye hita. Njia kuu ikiwa nusu inchi, mtu akivuta maji chooni, anayeoga anabaki na matone. Hita nayo ikikosa maji ya kutosha, inajizima.

Na atakayeoga ni mama mkwe, Faustina, aliyevunjika nyonga mwaka jana. Hawezi tena kuinamia ndoo. Bafu linakarabatiwa kwa ajili yake. Akibaki na povu mwilini kwenye baridi hii, lawama zitamwendea nani kama si mkwe fundi?

Mzee Kalinga naye ana sababu zake. Akimwagilia mboga shambani Kalenga, akibana mdomo wa mpira, maji yanaruka hadi tuta la mbali. Kwake, bomba jembamba ndilo lenye nguvu.

"Yeye anabana mwishoni tu. Mimi ananibania njia nzima," analalamika Anyelwisye.

Kero hii anaijua. Ana miaka kumi na mbili kwenye ufundi, na hata Mbeya wateja wengi hununua vifaa kwanza, ndipo wamwite. "Wanaogopa kupigwa na mafundi. Sikatai, wapo wanaopiga. Ila ukinunua bila kuuliza unajipiga mwenyewe."

Aliposhindwa, alimpigia simu Dastan, mshenga aliyempelekea posa kwa binti wa nyumba hii, Devota. Dastan amefika, amekaa katikati yao sebuleni.

"Mwambie mkwe," anasema Mzee Kalinga akimtazama Dastan, "mimi kumwagilia sijaanza jana."

"Mkwe anaomba njia kuu iwe inchi moja, Baba. Hizi nusu ziende kwenye koki," anajibu Dastan. Anyelwisye yupo kando yake, anaangalia zulia.

"Mwambie nimeshanunua."

Mlangoni anatokea Faustina na fimbo yake. "Dastan, na mimi nifikishie salamu zangu kwa Baba Devota. Mwambie anayeoga ni mimi."

Hakuna anayefikisha kitu. Mzee anachukua kofia yake, anaelekea dukani.

Jumamosi jioni, Faustina yumo bafuni, ameketi kwenye kigoda chini ya maji ya moto. Mzee Kalinga anaingia choo cha mlango wa pili, anavuta maji makusudi, anatega sikio ukutani.

"Mama Devota, yamekata?"

"Hayajakata. Niache nioge."

Mzee anatoka. Anyelwisye yupo pale pale koridoni, lakini anayeambiwa ni Dastan, aliyerudi kuona kazi: "Mwambie mkwe, kazi nimeiona."

Anyelwisye anajifuta mikono, uso umelegea kwa mara ya kwanza tangu afike. Mwezi ujao anakwenda Mafinga, shemeji yake naye anataka bafu. Anaomba tu asiwe ameshakwenda dukani. Na kwa baba mkwe je, ana tumaini gani?

"Siku moja Baba aniulize mimi mwenyewe, kabla hajanunua."

Dastan anachukua koti lake. "Haya," anasema, "nitamfikishia."