Maganda ya Shaba na Ukwaju wa Mama

Mume wangu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kulenga shabaha. Wanaume wengine wa London hukimbilia mpira. Huyu wangu, Mpare mpole, karani wa hospitali, kila Jumamosi asubuhi alikwenda klabuni kwao kulalia tumbo juu ya turubai na kutoboa karatasi. Bunduki yenyewe ililala huko huko, kwenye kabati la chuma. Kilichokuja nyumbani kwetu Kenton ni maganda matupu ya risasi, ya shaba ya manjano, yamejaa masizi. Aliyasafisha, akayarudisha klabuni kutiwa fataki, baruti na risasi mpya, yakapigwa tena. Ganda likitunzwa hupigwa mara nyingi, na kwa kutunza vitu mume wangu alinishinda mimi mwanamke, nakiri bila hata kuulizwa.

Alikuwa na mashine ya pipa dogo linalozunguka. Ndani alitia magunzi ya mahindi yaliyosagwa, akamimina na maganda, yakasuguana humo mpaka yang'ae. Nilimcheka sana. "Mpare hata London hakosi mahindi!" Naye hucheka, kijiburashi mkononi, akichokoa masizi kwenye kitako cha kila ganda.

Kisha mama yangu akaja kutoka Unguja. Alikuwa ameanguka uani, nyumba nzima haina mtu, akalala pale chini mpaka jirani alipopita kuazima mbuzi ya nazi. Nikasema basi, imetosha, mama atakaa na mimi. Wallahi nililia uwanja wa ndege kwa furaha.

Jumamosi ya kwanza akashuka jikoni, akayakuta maganda yametandazwa juu ya taulo. Moja likamponyoka mume wangu, likaanguka sakafuni likalia. Mama akashika ukuta.

"Mwambie mumeo," akaniambia mimi, na mwenyewe amesimama pale pale, "mimi nyumba yenye risasi silali."

Hawa wawili walikuwa hawasemezani. Si kwa ugomvi, la! Mama alimwonea haya mkwewe, na mkwe naye kwao kalelewa kwamba mama mkwe humsemeshi ovyo wala humtazami usoni. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa posta. Hata chumvi ikitakiwa mezani, ombi lilipita kwangu.

Nilijua kilichomshtua mama. Siku zile za mapinduzi, mdogo wake alitoka kutafuta mkate, hakurudi. Hakuletwa, hakuzikwa. Alichokiona mama ni maganda ya shaba uchochoroni, mbele ya mlango wao, akayafagia, na mlio wake juu ya saruji ukamkaa masikioni. Alinisimulia mara moja tu, tukichambua mchele, na hakurudia tena.

Akafunga sanduku lake, akaliweka ukumbini karibu na mlango, akaniamuru nimtafutie tiketi. Nilimpigia magoti. "Utarudi kwa nani, mama? Ukianguka tena, nani atakuokota?"

"Mungu yupo," akasema, na sanduku likabaki pale.

Mume wangu hakubisha. Alihamishia vitu vyake vyote kwenye banda la nyuma ya nyumba, akawa anakaa huko na koti na soksi mbili mbili, katika baridi ile inayoingia mpaka mifupani. Shindano la klabu lilikuwa karibu, na alikuwa amechagua maganda bora ya msimu mzima. Akaanza kukohoa. Mama alimsikia toka jikoni, akanuna, akajaza chupa ya chai. "Hebu mpelekee mtoto wa watu," akaniambia. "Atakufa na baridi kwa ajili yangu, nije niulizwe."

Ijumaa moja, sisi tukiwa kazini, mama alitoka peke yake mpaka duka la Mhindi wa Kampala pale stesheni, akanunua ukwaju. Kwetu shaba husafishwa kwa ukwaju na jivu. Sinia, mdila wa kahawa, vyote huroweshwa kabla ya Idi, vikasuguliwa mpaka ujione uso. Jivu hapa London alitoe wapi? Akatia chumvi. Akayachukua bandani maganda yale yale bora, akayarowesha tangu asubuhi, ukwaju mzito, maana mama hajui kutia kidogo. Aulize kama inafaa? Amuulize nani? Mkwe hasemezwi, na posta iko kazini.

Tuliporudi tukayakuta mezani, yamepangwa juu ya sinia kama vikombe vya harusi, yanameta, yamegeuka rangi ya waridi. Mama kasimama kando, kajitanda kanga, vidole vimechubuka. Yarabi, mama yangu, aliyekimbia mlio wa ganda moja, ameyasugua yote kwa mikono yake!

"Mwambie mumeo asikae tena kwenye baridi," akasema. "Nimemsaidia kabla sijaondoka."

Mume wangu akaokota ganda moja, akaligeuza geuza kwenye mwanga. Alikwisha kunieleza zamani: shaba ikirudi nyekundu namna ile, uchachu umeila kwa ndani. Haina nguvu tena, na ikitiwa baruti inaweza kumpasukia mtu usoni. Msimu mzima ule, na shindano lenyewe, basi tena. Nilimhurumia mno.

"Mwambie mama ahsante sana," akasema. "Yamependeza."

Mama si mtoto. Akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akamsemesha yeye mwenyewe.

"Mwanangu, nimeyaharibu?"

Mume wangu akanigeukia mimi, posta wake. Nikajitia kuangalia birika. "Mama," akasema, macho chini, "hayawezi kupigwa tena."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

Mama akavuta kiti, akakaa. Akachukua ganda, akalifuta kwa pindo la kanga, na machozi yakamtoka wala hakuyaficha. "Alhamdulillahi," akasema. "Nisamehe, mwanangu, najua ni mali yako. Lakini alhamdulillahi."

Mume wangu akaenda ukumbini, akalinyanyua sanduku. "Mama, nilipeleke juu?"

"Lipeleke," mama akajibu, bila kupitia kwangu. "Lakini polepole, na kikohozi hicho."