Kikao cha ukoo chamsubiri Mama Kufuli atoke kazini

Saa tatu asubuhi wazee wanne wa ukoo wamekaa barazani wakinywa chai. Wamekuja kumjadili mama mwenye nyumba. Mwenyewe yumo ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, na hana mpango wa kutoka.

Si kwamba hana adabu. Amewaamkia mmoja mmoja, amewapangia viti, amewamiminia chai. Kisha akawaambia, "Wazee wangu, kikao mmekiweka siku ya kazi. Mimi naingia kazini. Mchana nikipumzika nitakuja kuwasikiliza." Ufunguo ukazunguka mara mbili, basi.

"Kazini wapi?" anauliza baba mkubwa, kaka wa baba wa marehemu mume wake, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikao. "Si yumo humo humo chumbani?"

Swali hilo ndilo limewakusanya.

Mama Kufuli, kama majirani wanavyomwita, ni msaidizi wa kisheria katika kampuni ya huduma za kisheria iliyo mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Anafanya kazi nyumbani kwa mtandao. Kitengo chake ni cha mirathi: anapokea simu za wateja, anawahoji, anaandaa viapo na maombi ya mahakamani, anakagua vielelezo, kisha anamtumia wakili apitie na kutia saini. Wateja wake wengi ni wajane. Naye ni mjane, huu mwaka wa tano.

"Mtu ananisimulia mambo ambayo hajamwambia hata dada yake wa tumbo moja," anasema. "Siwezi kumsikiliza huku mtu anapita nyuma yangu na ndoo."

Kampuni nayo haina mchezo. Anayefanyia kazi nyumbani lazima awe na chumba chake peke yake, chenye mlango unaofungwa, na msimamizi hukikagua kwa kamera. Mwenzake mmoja alipoteza kazi kwa sababu mteja alisikia mtu akicheka nyuma yake. Ukaguzi unaofuata ni Jumatatu ijayo. Asiye na chumba ahamie makao makuu au aache kazi, na Mama Kufuli hawezi kuhama, maana ana binti anayesoma na mama mkwe ambaye mguu wake mmoja haukunjiki.

Sasa chumba hicho kimepata mtu mwingine anayekitaka. Nyumba ina vyumba viwili na sebule. Kimoja wanalala mama mkwe na mjukuu wake. Cha pili kina kitanda cha Mama Kufuli, meza na kompyuta. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alifunga duka lililomshinda akaja na masanduku, akalala kwenye kochi la sebuleni "kwa siku chache". Mgeni hukaa siku mbili, ya tatu akapewa jembe. Huyu yuko mwezi wa tatu na jembe hajaliona.

"Mimi ni mwanamume mzima, miguu inaning'inia nje ya kochi," analalamika shemeji huyo, akimwaga kijiko cha nne cha sukari kwenye kikombe. "Shemeji anashinda nyumbani. Anabonyeza vitufe tu. Hata kwenye meza ya chakula si anaweza kubonyeza?"

Mwandishi wa makala haya naye alitolewa chumbani kwa heshima zote. "Wewe ni mgeni wangu, karibu sana," aliambiwa. "Ila siri za wateja si zangu, siwezi kukugawia." Kwa hiyo naye yuko barazani na wazee. Kutoka chumbani kunasikika mvumo wa sauti tu, ya chini na ya taratibu.

Mama mkwe ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango huo, mguu mbovu ameunyoosha. Anayetaka kupita inabidi auruke.

"Mwanzoni nilidhani mkwe wangu amerukwa na akili," anasimulia bila aibu. "Yuko peke yake chumbani, anasema pole, pole sana. Nikawaomba majirani wamwombee. Siku moja akanieleza kuna mwanamke upande wa pili, kafiwa, watu wanataka kumtoa kwake. Tangu hapo sipitishi ndoo."

Jua likiwa limepanda, baba mkubwa anachoka. Anainuka na fimbo yake akagonge.

"Kaa chini, mzee mwenzangu," mama mkwe anamwambia. "Humo kuna mtu anahudumiwa. Ukienda benki unamgongea karani dirisha ilhali anahesabia mwenzako?"

"Hii si benki."

"Kaa. Chai bado ipo."

Mzee anakaa. Mguu ule kwa kweli haurukiki kirahisi.

Mchana Mama Kufuli anatoka, anafunga mlango nyuma yake na ufunguo anaushika mkononi. Anaomba radhi kwa kuwaweka.

"Tumekaa hapa tangu asubuhi kama wagonjwa wa hospitali," baba mkubwa anafoka.

"Ni kweli, baba. Na nyote mmeona kwamba nilikuwa kazini."

Mzee anakohoa, anaeleza uamuzi ambao, kwa jinsi anavyousema, ulishapikwa kabla ya kikao: mtoto wa kiume apewe chumba, mkwe ahamie chumba cha mama mkwe, kompyuta iwekwe sebuleni. Wenzake wanatikisa vichwa kukubali.

"Baba, nawaheshimu, na nitaendelea kuwaheshimu," anajibu. Sauti haipandi. "Chumba sitoi. Shemeji sijamfukuza, kochi ni lake, sahani yake ipo. Lakini dawa za mama zinatoka chumba kile. Ada ya mtoto inatoka mle. Hata hiyo sukari aliyomaliza shemeji imetoka mle mle. Nikikitoa leo, Jumatatu sina kazi, na Jumanne tutakuja kukaa barazani kwako sote."

Baba mkubwa anaanza kujibu kwa kirefu, anarudi hadi enzi za babu. Hajafika mbali, Mama Kufuli anaangalia saa, anainuka. "Samahani, baba. Kuna mteja ananisubiri." Anauruka mguu wa mama mkwe, anaingia, anafunga.

"Basi tuamue bila yeye," mzee anasema kwa hasira.

"Amueni," mama mkwe anaitikia. "Mkimaliza, mniambie nani kati yenu ananichukua mimi, na nani analipa ada ya mjukuu."

Mmoja anakumbuka ana mgonjwa wa kumwangalia. Mwingine anatafuta viatu vyake. Shemeji peke yake ndiye asiye na pa kwenda. Anabaki anatazama kikombe.

Jioni, kazi imekwisha, Mama Kufuli anakiri kwamba aliogopa. "Niliporudi ndani nilikosea tarehe kwenye kiapo, nikakiandika upya. Sikuwatajia sheria hata moja, maana wangesema nawapeleka mahakamani. Nilitaka wangoje tu. Mtu akishakungoja, hawezi kusema huna kazi."

Anajua baba mkubwa atarudi, na safari hii atakuja Jumapili. "Aje. Atanikuta na jibu ni lile lile."

Kwa sasa mawazo yake yako kwenye ukaguzi. Mshahara wake ni pungufu kwa robo kuliko wa wenzake wanaokaa ofisini kwa kazi ileile, kwa hoja kwamba yeye "yupo nyumbani tu". Amenyamazia jambo hilo miaka mitatu.

"Jumatatu msimamizi atawasha kamera, akague kuta, akague mlango, aridhike," anasema, akikunja mikono. "Akimaliza kukagua asikate simu. Chumba changu, umeme wangu, na ukoo nimegombana nao mimi. Hiyo robo yangu naitaka."