Mwanga Uliompita Juu

Alasiri, ukumbi ni mtupu na viti vimefunikwa turubai. Jukwaani amesimama mwigizaji anayecheza baba aliyefiwa na binti yake. Anasema maneno yake taratibu, lakini uso wake hauonekani: mwanga wa taa kubwa unampita juu ya kichwa na kuangukia ukuta wa nyuma.

"Robo, panda kwenye sanduku!" anapaza sauti fundi taa.

"Sipandi."

"Taa hizi zimefungwa hivi kabla hujaja hapa, bwana."

"Na mimi nimefungwa hivi tangu tumboni kwa mama. Tazama vizuri, kati yangu na taa, mwenye skrubu ni nani?"

Wenzake wanaangua kicheko. Yeye hacheki.

Kichwa chake kinafika kiunoni kwa waigizaji wenzake. Asubuhi hushona zipu za mabegi kibandani kwake, karibu na stendi, jioni huigiza. Kwa miaka kumi na moja kikundi hiki kilimpa kazi moja tu: kuchomoka sandukuni, kuanguka, kukimbizwa. Malipo yake yalikuwa nusu ya yale ya mwigizaji mkuu. Jina walimpa wao.

"Robo hupimiwa sukari," anasema. "Lakini niliitika. Ukilikataa jina, na nafasi inakwenda."

Nafasi ya baba aliidai mwenyewe. Aliyepangiwa alihama mji, na mchekeshaji huyu alikuwa ameshakariri kila neno. Mwongozaji, mama wa makamo asiyezungusha maneno, alimpa jibu lake palepale.

"Mwanangu, wewe nakuamini. Watazamaji ndio siwaamini. Nakupa Jumamosi moja. Wakicheka mpaka mwisho, unarudi kwenye vichekesho."

"Wakianza kucheka nifanyeje, mama?"

"Hiyo sasa ni kazi yako."

Fundi taa anapanda ngazi huku akinung'unika. Taa inashuka, na balaa jingine linazuka: mwigizaji anayecheza mke wa baba huyo amebaki gizani kuanzia kifuani kwenda juu.

"Haya, leo giza ni zamu yangu," anasema dada huyo. Anavuta kiti, anaketi. Nyuso mbili zinaonekana sawasawa. Mwongozaji anaagiza ibaki hivyo.

Jumamosi ukumbi umefurika. Baba anaingia, na kabla hajafungua mdomo kicheko kinalipuka.

"Robo, leo umetokea mlangoni?" anadakia mtu wa mstari wa mbele.

Yeye anasimama kwenye mwanga, mikono chini. Hawakemei, hawabembelezi. Anawasubiri kama mtu anayengoja lori refu lipite ndipo avuke. Na kwa kuwa hana anachofanya, watu wanabaki kumtazama usoni. Kicheko kinapungua, kinakuwa cha wawili watatu, kinakwisha.

Ndipo anamgeukia mke wake na kuuliza, "Wameshamleta?"

Mpaka mwisho hakuna anayecheka tena, na mstari wa mbele wapo wanaofuta machozi.

Maonyesho yote yaliyobaki sasa ni yake. Mwongozaji anasema msimu ujao kila nafasi itashindaniwa na yeyote anayetaka, na taa zitafungwa baada ya waigizaji kupatikana, si kabla.

Kibandani, mwigizaji huyo anajaribu zipu ya begi la mteja, juu, chini, juu tena. Shukrani anazo, ila bado hajatosheka.

"Walinicheka, sasa wananililia," anasema. "Huruma nimeshiba. Nataka nicheze mume katili. Mtu atoke pale ananichukia, afike kwake, avue viatu, bado ana hasira na mimi."