Mimi, Mama Mkwe na Kitabu cha Tanga

Mume wangu alifariki mwezi wa tatu. Ilipofika mwezi wa sita, shule zikafungwa, wifi yangu akapiga simu kutoka Mbeya akataka mimi na mama yake tutoke ndani ya ile nyumba.

"Hata siku tatu tu, wifi. Nendeni mahali ambapo hakuna mtu wa kuwapa pole."

Nikamwambia sawa. Siku zile nilikuwa namwambia kila mtu sawa.

Mama mkwe alikuwa akiishi nasi Morogoro mwaka wa nne sasa. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo mume wangu alipoondoka tulibaki wawili, mimi na yeye, na redio ambayo hakuna aliyekuwa akiiwasha. Nilipomuuliza angependa twende wapi, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Tanga," alisema.

Alizaliwa huko, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Baba yake alikuwa Mbena wa Njombe aliyekwenda kukata mkonge akiwa kijana, akakaa huko huko. Mama mkwe alitoka kule ana miaka kumi na sita, kuja kuolewa Morogoro, na hakuwahi kurudi. Mimi Tanga sikuwa nimefika kabisa, ingawa nafundisha jiografia na kila mwaka nawachorea wanafunzi bandari yake ubaoni.

Nilikwenda duka la vitabu karibu na stendi. Muuzaji aliniwekea vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa kinene, cha Kiingereza, kina simba kwenye jalada, na Tanga yote imepewa ukurasa mmoja na nusu. Cha pili kilikuwa cha picha, fukwe tupu kila ukurasa, wala hakisemi mtu afikeje kwenye fukwe hizo. Cha tatu kilikuwa chembamba, cha Kiswahili, na nyuma kiliandikwa kwamba mtungaji ni mwalimu mstaafu wa huko huko Tanga. Kilikuwa kimepanga siku tatu, saa kwa saa. Saa mbili kunywa chai. Saa tatu kutembea bandarini. Saa sita kukaa kivulini. Nilisoma ukurasa mzima nikiwa nimesimama pale dukani, nikaona kwamba kwa siku tatu sitalazimika kuamua jambo lolote. Nikakichukua hicho.

Tulipofika Tanga tulikwenda moja kwa moja Chumbageni, kwenye nyumba ya wageni ambayo kitabu kiliisifia kwa usafi na utulivu. Tulikuta duka la vifaa vya ujenzi. Mabati yalikuwa yamesimamishwa mahali ambapo, kwa mujibu wa kitabu, palikuwa na bustani ndogo. Nilisimama na kitabu mkononi, nikasoma tena jina la mtaa, nikatazama tena mabati.

"Kitabu cha mwaka gani hicho?" mama mkwe aliuliza.

Nikafungua ukurasa wa mwanzo. Kilikuwa na miaka kumi na moja. Mimi ambaye huwaambia wanafunzi kila siku kwamba ramani hutazamwa mwaka wake kwanza ndipo isomwe, nilikuwa sijatazama. Mwenye duka alituonyesha nyumba nyingine ya wageni upande wa pili wa barabara, tukaingia hapo. Chumba kilikuwa na vitanda viwili na dirisha lililotazama ukuta. Sikuona ubaya wowote.

Siku ya kwanza tulifuata kitabu. Kiliposema tugeuke kushoto, tuligeuka kushoto. Kiliposema tusimame mbele ya mnara wa saa na kuutazama, tuliutazama. Nilikuwa nasoma kwa sauti, kwa sababu mama mkwe macho yake hayaoni tena herufi ndogo, na yeye alikuwa anaitikia kila sentensi kama anaitikia sala kanisani. Baiskeli zilitupita, nyingi, bila kelele. Nilimuuliza kama kuna mahali anapopatambua.

"Sipajui hapa," alisema. "Sisi mjini tulikuja mara mbili tu, kwenye lori. Mara ya pili nilikuwa na homa."

Miguu yake ilianza kuvimba, tukakaa kwenye benchi linalotazama bahari.

"Kinasema tukae dakika ngapi?"

"Hakijasema, mama."

"Basi tukae."

Tulikaa mpaka kivuli kikatuhama. Nilijua kwamba bahari ni nzuri, kama ninavyojua mji mkuu wa nchi fulani ni upi. Nikitazama maji nilikuwa nafikiria kwamba tumekaa vile vile tulivyokaa kwenye benchi la hospitali, yeye kulia, mimi kushoto, mikoba magotini.

Siku ya pili kitabu kilitupeleka Tongoni, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Tulikodi bajaji. Mlinzi wa magofu, mwanamume wa makamo aliyevaa kofia ya kufuma, alimwamkia mama mkwe shikamoo, akatukaribisha kwa utaratibu ule wa watu wa pwani, akanipa kitabu cha wageni nitie sahihi.

"Na baba mwenye nyumba hakupata nafasi ya kuja?" aliniuliza. Hakuwa na nia mbaya, ni maneno tu ya kumkaribisha mgeni.

"Yuko kazini," nilisema.

Nilijisikia nikisema. Kalamu ilikuwa mkononi. Sikumtazama mama mkwe, lakini nilimsikia akikohoa kidogo, kisha akasema, "Kazi yake haina likizo, huyo."

"Mwambieni siku nyingine mje naye."

"Tutamwambia," mama mkwe alisema.

Mlinzi akatutembeza. Alituonyesha vishimo kwenye kuta za makaburi ambamo zamani zilipachikwa bakuli kutoka Uchina, akaeleza kwamba karibu zote zimeng'olewa. Mama mkwe alikuwa anauliza maswali. Aliuliza nani anafyeka majani, na kama kuna kaburi la mwanamke. Alisema mwanawe angeyapenda mambo haya ya kale, ila hawezi kukaa juani, kichwa humuuma. Alisema "hawezi", siyo "alikuwa hawezi". Mlinzi alicheka, akasema hata yeye kichwa humuuma. Niliwafuata nyuma. Siafu mmoja aliniuma kifundoni, nikamtoa.

Tulirudi na bajaji ile ile. Chumbani mama mkwe alivua viatu, akalala chali kitandani kwake.

"Ulisema yuko kazini."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe kwa lipi? Nilifurahi. Kama dakika tano hivi nilifurahi sana." Akafumba macho. Nilidhani amelala. "Lakini tusirudie, mwanangu."

"Sawa, mama."

Siku ya tatu ilikuwa ya Pangani. Kitabu kilitaka tuvuke mto kwa kivuko, tutembee ng'ambo katika minazi, turudi. Tulikodi gari dogo. Njiani mkonge ulianza, mistari na mistari, na mama mkwe akamwomba dereva asimame. Akashuka na mkoba wake. Alitembea hatua chache pembezoni mwa barabara, akatazama upande mmoja, akatazama wa pili. Nilitafuta kwenye kitabu kama kuna neno lolote juu ya mashamba yale. Hakuna. Mwalimu mstaafu aliyapita bila kuyataja.

"Ni hapa?" nilimuuliza.

"Siyo hapa." Aligeuka, akatazama tena. "Au ni hapa. Mkonge wote unafanana."

Alirudi garini, tukaendelea. Nilimtazama kama analia. Alikuwa anafuta vumbi kwenye mkoba.

Pangani tulifika saa sita, tukakaa kwa mamalishe mmoja karibu na kivuko. Alitupakulia wali na samaki wa nazi, akatuuliza kama sisi ni mama na bintiye.

"Mkwe wangu huyu," mama mkwe alisema.

"Mashallah! Na mume mmemwacha wapi?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaweka mkono wake juu ya wangu, pale mezani.

"Alifariki mwezi wa tatu. Alikuwa mwanangu."

Mamalishe aliweka upawa chini. Alisema maneno ya msiba ya Kiislamu, kwa sauti ndogo, akavuta kigoda akakaa nasi, wateja wengine wakisubiri. Akauliza aliugua nini. Mama mkwe akaanza kumweleza toka mwanzo, na mimi nikawa nasikiliza kama msiba wa watu wengine. Asubuhi ile aliamka mapema. Akaja chumbani kwangu, alisema mama mkwe, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia, mama, mkono huu mzito. Nikamwambia nikamwamshe mkeo. Akasema usimwamshe, alikesha anasahihisha mitihani, mwache alale kidogo.

Hilo sikuwa nalijua. Nilidhani aliangukia bafuni kabla hajazungumza na mtu. Miezi mitatu nilikuwa namwona akilini yuko bafuni peke yake.

"Hukuniambia, mama," nilisema.

"Hukuuliza kitu. Watu walikuja, wakaondoka, wewe ulikuwa unasema sawa, sawa." Alinitazama. "Nilidhani utanilaumu kwamba sikukuamsha."

Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Kisha nikaona kwamba nina njaa. Haikuwa ile ya kukumbushwa kwamba saa ya kula imefika, bali njaa yenyewe, tumboni. Nilikula samaki wote, nikavunja na kichwa, na mamalishe akaniongezea wali bila kuniuliza. Mama mkwe aliendelea kusimulia habari za mtoto wake yule kwa mwanamke tusiyemjua, na mimi nilikuwa natafuna na kusikiliza.

Kivuko kilikwenda ng'ambo na kurudi mara kadhaa. Hatukupanda. Dereva alikuja kutukumbusha muda, tukaagana na mamalishe kama tunaagana na ndugu, tukarudi Tanga, na kesho yake Morogoro.

Mwezi wa nane wifi alikuja kumchukua mama yake, akakae naye Mbeya kwenye baridi asiyoizoea. Sikumzuia, wala yeye hakuomba kubaki. Nimerudi kufundisha. Siku nyingi bado hupita bila mimi kuzisikia, na jioni sijui nilikula nini mchana. Ila Jumapili baada ya ibada nampigia, na kila Jumapili namuuliza jambo moja juu ya mwanawe. Wiki iliyopita nilimuuliza alianza kutembea akiwa na miezi mingapi. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo.

"Kumi na minne," alisema. "Alichelewa. Alikuwa anapenda kubebwa."