Pengo Kwenye Kibuyu cha Koko

Nakumbuka asubuhi nilipomweleza bibi yangu kwamba vile vitu vyeupe vilivyoshonwa kwenye mkanda wa kibuyu chake viliwahi kuwa na uhai. Alikuwa akivishika kila siku tangu alipoolewa, akivipangusa moshi kwa kidole gumba, na miaka yote hiyo aliamini ni mbegu za mti. Wapo wenzake pale Malambo waliosema ni meno. Hakuna aliyewahi kuiona bahari, na hakuna aliyewaza kwamba kitu kigumu namna ile kiliwahi kula na kujificha na jua.

Nitakueleza kwa mpangilio, mwanangu, maana jambo lenyewe limerudi nyumbani kwangu. Mjukuu wangu Nashipai ameacha kazi ya hoteli hapa Karatu, amekwenda pwani kuongoza wageni. Wanapanda boti asubuhi, wanapelekwa visiwa visivyo na watu, wanaokota makombe ya bahari ufukweni. Najua vijana wengine wa huku mnaipenda kazi hiyo, na mimi siwakatazi. Niliwahi kufika huko, na nilirudi na kitu ambacho bado ninacho.

Kibuyu ninachokisema ni cha maziwa. Bibi, ambaye sisi tulimwita Koko, alikipata kwa mama yake, na ilijulikana kwamba nikiolewa nitaondoka nacho. Kila asubuhi alikifukiza kwa kijinga cha mzeituni wa porini, akakisugua ndani kwa mkia wa ng'ombe, akakung'uta majivu. Hadi leo nikinusa moshi ule nahisi njaa. Nje kilizungushiwa mkanda wa ngozi wenye shanga na safu ya simbi, yale makombe madogo meupe yenye mgongo wa mviringo na mwanya wenye meno meno upande wa chini.

Katika msimu niliochumbiwa, mbuzi aliutafuna ule mkanda. Tulipomfukuza alikuwa ameshameza kipande cha ngozi na simbi moja. Kaka yangu akashauri mbuzi achinjwe ili itafutwe.

"Wewe unatafuta nyama," Koko akamwambia. "Hutafuti simbi."

Mbuzi akapona, na kaka ndiye aliyepewa kazi ya kumfuata nyuma na kukagua kinyesi chake. Alikagua mpaka akachoka, hakupata kitu. Koko akashona ngozi mpya, lakini katikati ya safu pakabaki pengo. Mama akajaribu kumtania, akamkumbusha kwamba hata yeye Koko ana pengo la meno ya chini, yaliyong'olewa kimila kama ya wanawake wengi wa rika lake, na aliolewa nalo.

"Langu lilitengenezwa," Koko akasema. "Hili limeliwa na mbuzi. Siwezi kumtoa mtoto na kibuyu kilicholiwa."

Alimaanisha. Alikuwa ameanza kuzeeka vibaya, macho yakiingia ukungu, na sote tulijua kwamba kile kibuyu ndicho kitu cha mwisho alichotaka kukikabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Kikiwa kizima.

Wakati huo nilikuwa mpishi Karatu, kwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni. Nilipikia kambini, kwenye mahema. Dereva wetu alikuwa Baba Eliya, mtu wa Kilimanjaro, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Tukapata wageni waliotaka kumaliza kreta kisha washuke baharini, walale kwenye mahema kisiwani na kuokota makombe. Walipoomba mpishi wao aende nao, nilimtumia Koko salamu kwa watu wa gari la Malambo: simbi yako naifuata mwenyewe, inakotoka. Jibu lilirudi kwa njia ile ile. Alisema niangalie mti wake ukoje, nije nimsimulie.

Bahari sikuielewa, mwanangu. Siku ya kwanza kisiwani niliamka nikakuta maji yameondoka. Palipokuwa na maji palikuwa na mawe, mchanga na vidimbwi, mbali kabisa. Nilichojua mimi ni maji yanayokauka na watu wanaohama kwa sababu yake. Nikamwendea Baba Eliya nikamwuliza tutawapikia wageni kwa maji gani, na boti itatufuataje. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mmasai ameshaanza kutafuta malisho mapya," akasema.

Aliyenijibu vizuri alikuwa Bi Rukia, mama wa pwani ambaye ndiye aliyetuleta kwa boti yake ya injini na ndiye aliyewaongoza wageni ufukweni. Alikuwa mnene, mwendo wake wa pole, kanga moja kiunoni na nyingine begani.

"Yatarudi, mwanangu. Hayana pa kwenda."

Kisha akawaita wageni, akawapa kila mmoja kikapu, akawaeleza utaratibu wake. Wataokota makombe matupu tu, kwenye mstari wa mwani mkavu ambako bahari imekwisha kuyatupa. Kwenye vidimbwi wataangalia kwa macho. Kabla ya kupanda boti atakagua vikapu, na chochote chenye mwenyewe ndani kitarudi kilikotoka. Nami nikapewa kikapu. Nilimwambia ninatafuta nini na kwa nini, habari ya mbuzi, ya Koko, ya harusi. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Bibi hajawahi kuiona bahari?"

"Hajawahi, Bi. Anasema simbi ni mbegu."

"Basi una kazi," akasema.

Nilitembea ule mstari wa mwani kutoka mwisho mmoja wa ufuko hadi mwingine. Makombe yalikuwepo ya kila namna, mapana, marefu, ya rangi ya waridi. Simbi nilizoziona zilikuwa zimevunjika au kutobolewa mgongo. Nikashuka kwenye vidimbwi, nikaanza kuinua mawe madogo, nikitazama tu, kama tulivyoambiwa.

Chini ya jiwe moja palikuwa na kitu cheusi cheusi, laini, chenye vinyweleo, ukubwa wa punje kubwa ya mahindi. Nilidhani ni konokono. Nikakigusa kwa ncha ya kidole. Ule weusi ukajigawa katikati ya mgongo, ukashuka pande zote mbili polepole, kama mtu anavyotelemsha shuka mabegani, na chini yake pakatokea weupe ule ule ninaoujua tangu utotoni. Ilikuwa simbi. Nzima, yenye mng'ao ambao zile za kwenye kibuyu zilikuwa zimeshaupoteza kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji.

Niliitoa. Ilikaa kiganjani ikiwa imejifunga. Bi Rukia alikuwa amefika nyuma yangu.

"Umeipata."

"Nimeipata, Bi. Lakini mwenyewe yumo."

"Yumo," akasema. Akachutama kando yangu kwa shida, mkono mmoja begani kwangu. "Ukimchukua itabidi umfukie mchangani siku kadhaa, afe, chungu wamle, harufu iishe. Halafu ndipo utamshona. Wote wanaouzwa mjini wamepita njia hiyo."

Nikaigeuza simbi kiganjani.

"Wageni nawakatalia. Wewe sikukatalii. Bibi yako anakungoja, na kikapu chako sitakikagua. Lakini kwanza nisimulie. Mimi ndiye bibi. Nimekaa hapa na kibuyu changu. Niambie umeipataje."

Nikaanza. Nikasimulia boti, mawe, jiwe dogo nililoinua. Nikasimulia ile shuka nyeusi ilivyotelemka. Nilipofika kwenye kufukia nikasema, "Kisha nikaileta." Nilijisikia mwenyewe jinsi sauti ilivyoshuka pale.

 Bi Rukia alitazama upande mwingine, kuelekea boti, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa. Nikairudisha simbi chini ya jiwe lake, na jiwe nikalilaza kama nilivyolikuta. Tulipokuwa tunapanda juu akaniambia nimshike mkono kwa sababu mawe yanateleza. Hapo ndipo nilipojua kwamba amefurahi.

Usidhani jambo liliishia hapo. Tuliporudi mjini, gari likiwa tayari, Baba Eliya alinivuta hadi kwenye meza ya mchuuzi iliyojaa masinia ya simbi, nyeupe, safi, zote za saizi moja.

"Chagua moja, nakununulia mimi. Zawadi ya harusi. Bibi atajuaje?"

"Hatajua."

"Sasa?"

"Nitamwambia nini akiuliza mti wake ukoje?"

"Mwambie mrefu," akasema.

Nilicheka, na niliichukua ile simbi nikaigeuza. Nikajaribu kimoyomoyo kumsimulia Koko. Sauti ikashuka mahali pale pale. Nikairudisha kwenye sinia. Baba Eliya alitikisa kichwa, akanunua maji ya kunywa njiani, na kuanzia hapo hadi tunapanda kuelekea Karatu hakunitania tena. Ni mtu aliyejua mahali mzaha unapokoma. Namshukuru hata kwa hilo.

Nilifika Malambo mikono mitupu. Koko alikuwa amekaa nje ya nyumba, kibuyu magotini, mkanda amekwisha kuufungua tayari kwa kushona. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye ngozi. Kuiona sindano ile kulinitia simanzi kuliko jambo lolote la safari.

Nikasimulia yote. Sikushusha sauti popote. Nilipofika kwenye mnyama alininyamazisha kwa mkono, akapapasa simbi zake moja moja.

"Hizi?"

"Hizo, Koko."

"Anakula nini?"

"Bi Rukia alisema anachunga ukoga kwenye mawe."

"Anachunga." Akalitafuna neno hilo kidogo. "Ana maziwa?"

"Hana."

"Maskini. Na hiyo nguo yake, ni nyeusi?"

"Nyeusi. Akiguswa anaivua."

Koko akacheka kicheko cha kike, mkono mdomoni, mpaka mama akatoka ndani kuuliza kuna nini. "Njoo usikie," akamwambia, "nimekuwa nikishika migongo ya watu bila nguo." Kisha kicheko kikakatika. Akauliza kwa sauti nyingine, "Na hawa wengine wote, nani aliwasemea?"

 Aliyezileta simbi zile alikuwa mchuuzi wa zamani ambaye hata mama yake Koko hakulijua jina lake.

 Nilikuwa nasubiri Koko aseme kwamba nimemwangusha, na angekuwa na haki. Badala yake akaomba shanga za buluu. Kwa macho yale yenye ukungu, akipapasa kwa vidole, akalizungushia pengo shanga pande zote, kama mtu anavyojenga ua. Akauvuta uzi, akaukata kwa meno ya juu na fizi.

"Sasa hakijaliwa na mbuzi," akasema. "Hapa ni pa yule aliyebaki kwao."

Niliolewa nacho. Watoto wangu wote walinyweshwa kutoka humo, na kila mmoja, alipofika umri wa kutia kidole kila mahali, alitia kidole kwenye lile pengo na kuuliza. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za zile simbi zilizopo.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, na haina ugumu wa kuikumbuka. Kabla hujabeba kitu chochote kutoka mahali pa watu au pa viumbe wengine, kisimulie kwanza kwa sauti, kana kwamba yule unayempelekea amekaa mbele yako. Simulia njia yote, usiruke. Ukifika mahali sauti yako inashuka, hapo ndipo pa kurudi nyuma. Na ukiwa kiongozi wa wageni, wape nao nafasi hiyo. Usimwaibishe mtu mwenye kikapu. Chutama kando yake, mwombe akusimulie, kisha tazama upande mwingine kidogo. Bi Rukia alinifanyia hivyo, mimi mpishi wa kutoka bara nisiyejua hata kwamba maji hurudi. Sikuwahi kumwona tena. Sijui kama yu hai. Kila nikifukiza kibuyu namtaja.

Na ukirudi nyumbani mikono mitupu, usiogope kuisema safari ilivyokuwa. Wapo watu wanaongoja kitu, lakini ukiwapa habari ya kweli wanajua wenyewe cha kuifanyia.

Mungu, ambaye sisi tunamwita Enkai, akutembeze kwenye maji na kwenye nchi kavu. Akupe watu wa kukushika mkono penye utelezi. Ng'ombe wako wanywe, wageni wako warudi salama, na siku utakapoitwa kusimulia, usiwe na mahali pa kushusha sauti.

Nashipai ataolewa baada ya mavuno, na kibuyu ni chake. Tangu akiwa mtoto amekuwa akisema kwamba siku moja atalijaza lile pengo. Jana amenitumia picha kwa simu kutoka kisiwani. Ni kiganja chake, kimelowa, na katikati yake simbi nyeupe inayong'aa. Imepigwa kutoka juu, upande wa chini hauonekani. Nimeikuza kadiri simu inavyoweza, na siwezi kujua kama mwenyewe yumo. Sijamwuliza. Mkanda nimeufungua, sindano iko tayari, na atakapofika nitamwomba anisimulie.