Zana ya Kufuta

Mwaka ule nilikuwa naandika maelezo ya matumizi kwa kampuni ndogo ya programu hapa Lubumbashi, nikifanyia kazi nyumbani kwetu, mtaa wa Hewa Bora. Kazi yenyewe ilikuwa na ajabu moja: sikuwa namwandikia mtu. Kampuni ilitengeneza zana za mawakala wa akili mnemba, zile programu zinazopewa agizo kisha zikaamua zenyewe zifanye nini. Wakala husoma maelezo, na alichosoma ndicho anachotenda. Hakisii ulimaanisha nini.

Zana niliyopewa ilikuwa ya kufuta faili. Niliandika sentensi niliyoiona safi: “Tumia zana hii kufuta faili ambalo mwenyewe halihitaji tena.” Nikaongeza kwamba kilichofutwa hakirudi.

Alasiri moja, umeme ukiwa umerudi, nikaijaribu kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa nimeandaa folda ya mafaili ya uongo kwa ajili hiyo. Ila pale pa kutaja folda nikataja ile kubwa, iliyobeba kila kitu changu, na sikuliona kosa langu. Nikamwagiza wakala asafishe, nikaenda jikoni kuepua maharage.

Niliporudi, alikuwa akiandika kwenye skrini sababu ya kila hatua, kama nilivyomtaka. Picha zilizojirudia, amefuta. Barua za zamani za kuomba kazi, amefuta. Kisha nikasoma:

“Sauti. Mwanamke anasema: Mutoto yangu, minafika Mokambo. Kama mvula inakuya, muingize manguo mu nyumba. Faili halijafunguliwa tangu lihifadhiwe. Mwenyewe halihitaji tena. Nimefuta.”

Yule alikuwa mama. Aliuza vitenge, akienda na kurudi Mokambo, mpakani, na alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Jumbe zake za sauti nilizihamisha kutoka kwenye simu siku ya tatu ya matanga, na tangu hapo sikuthubutu kuzigusa. Nikiwa bado nimesimama na kitambaa cha jikoni mkononi, mstari mwingine ukajiandika:

“Sauti. Mwanamke yule yule anauliza kwa nini hajibiwi: Juu ya nini hauitike? Faili halijafunguliwa. Nimefuta. Hakuna sauti nyingine.”

Nikabonyeza kitufe cha kuzima, nikakishikilia mpaka skrini ikawa nyeusi. Nilikuwa nimechelewa.

Nikampigia simu mwenzangu aliyeitengeneza zana ile, nikitumaini vilivyofutwa vimebaki kwenye pipa la taka la kompyuta.

“Bintu yangu iko wapi? Mu pubeli?”

“Hakuna pubeli,” alijibu. “Ni weye njo uliandika: hairudie.” Kisha, kwa upole: “Ilikuwa nini?”

“Sauti ya mama.”

“Pole sana. Lakini mashini haikukosa. Ilisoma tu.”

Hilo ndilo lililonitisha. Mtu yeyote angetazama tarehe za mafaili yale angesema sikumhitaji mama.

Jumapili, baada ya misa, dada yangu mkubwa alikuja nikamweleza. Nilingoja hasira. Aliuliza tu, “Haikuacha hata moja?”

“Hata moja, yaya,” nikamjibu dada. “Iliacha tu ile iliandika.”

Nikamfungulia ripoti ya wakala, iliyokuwa imejihifadhi kwenye kompyuta. Ili kuamua kama sauti inahitajika, ilibidi kwanza aisikilize, na kila alichokisikia alikinukuu, neno kwa neno, kabla ya kuandika sababu ya kukifuta. Dada alianza kusoma kama anayesoma barua ya ofisi. Alipofika mvua na nguo, sauti yake ilishuka, akawa anavuta miisho ya maneno vile vile mama alivyoivuta. Sidhani alijua anafanya hivyo. Alipouliza, “Juu ya nini hauitike?” nikaitika: “Niko hapa, mama.”

Dada aliinua macho. Hakucheka. Akaendelea kusoma.

Jumatatu nikaandika upya: “Kutofunguliwa kwa faili hakuthibitishi kwamba halihitajiki. Muulize mwenyewe, ungoje jibu.” Mkuu wangu alilalamika kwamba maelezo yamekuwa marefu kwa zana ndogo kama ile. Nikakataa kupunguza.

Nikaijaribu tena. Safari hii wakala alisimama kwenye faili la ile ripoti yake ya kwanza. “Faili hili lina maneno ya mwanamke anayekuita,” aliandika. “Bado unalihitaji?”

Nikaandika ndiyo. Kesho yake, nilipomwagiza asafishe tena, aliniuliza kwa maneno yale yale, kwa sababu hakumbuki kwamba aliwahi kuuliza. Bado ninamjibu.