Sinia la Watu Sita

Alifariki Jumanne moja asubuhi mwezi uliopita, hapa hapa Guangzhou, China, katika hospitali ambayo kwa wiki mbili nzima aligombana na wauguzi kwa sababu walimkataza kukaa kitandani na simu mbili. Habari nilizipata nikiwa ndani ya lifti ya Tianxiu Dasha, jengo ambamo wengi wetu tuliotoka Afrika tunafanyia kazi. Mfanyabiashara mmoja wa Nairobi aliniona nimeinamia simu, akauliza, "Vipi bro, kontena imeshikwa?" Nikamwambia hapana, dada yetu wa vyombo ametutoka. Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua kwamba sipendi kuandika tanzia, maana tanzia zetu humfanya kila marehemu kuwa mpole, mcheshi na kipenzi cha wote. Huyu hakuwa mpole. Alikuwa na mdomo, alikuwa mbishi, na alinishinda kwa ubishi kwa miaka kumi na mitatu. Kwa hiyo leo na mimi nina ubishi wangu, na ninabishana na yeyote anayesema kwamba maisha yake huku yalipotea bure.

Alikuwa mtu wa Magomeni, Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kuwanunulia vyombo kina mama wa huko nyumbani wanaokodisha vifaa vya shughuli: masufuria makubwa, mabirika, sahani, masinia. Hakuwa tajiri hata kidogo. Alipanga chumba mtaa wa Sanyuanli, juu ya maduka ya jumla ya mabegi, na katika miaka yote hiyo alihama mara sita, kila mara kwa sababu mwenye nyumba alipiga simu asubuhi moja na kusema chumba kinahitajika. Kinahitajika na nani, hatukuwahi kuambiwa. Pasipoti yake ilikaguliwa barabarani mara nyingi kiasi kwamba aliwasalimia askari kwa kuwauliza hali ya watoto. Kwenye treni ya chini ya ardhi, mtu akiinuka na kuhama kiti kwa sababu yake, alitua mkoba wake pale pale na kusema kwa sauti, "Ahsante baba, nilikuwa sina pa kuweka mzigo." Lakini msidhani aliishi kwa kununa. Jioni, wazee wa mtaa wakitoka na spika yao kucheza dansi uwanjani, yeye na baibui lake alikuwa mstari wa pili, anakosea hatua, na ole wako umcheke.

Sasa niwasimulie habari ya masinia. Mwaka mmoja, kina mama wa Magomeni walimwagiza masinia mia tatu ya kuwahi harusi za Rajabu na Shaabani, kabla watu hawajafunga. Mimi wakati huo nilikuwa nikitafsiri Kichina kwa wafanyabiashara na kuwapakilia mizigo, kwa hiyo tulikwenda wote dukani. Dada akakunjua mkono wake juu ya meza ya duka, akapima kama walivyopima mama na bibi yake: shibiri tatu na nusu. Laobani, yaani bosi mwenye duka, mama mfupi mwenye miwani, akafurahi kwelikweli. Kumbe na wao kwao wazee walipima hivyo hivyo. Akakunjua mkono wake, akahesabu naye, moja, mbili, tatu na nusu, wakacheka wanawake wale wawili kama waliosoma darasa moja. Futikamba ilikuwa imening'inia ukutani nyuma yetu. Wala sikuitazama. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, basi nikaandika kwenye karatasi ya oda: shibiri tatu na nusu.

Mnaelewa kilichotokea. Kiwandani walipima kwa mkono wa laobani. Mzigo ulipofika stoo, ikiwa imebaki siku moja upelekwe bandari ya Nansha kupakiwa kwenye kontena tuliloshirikiana watu saba, dada akafungua katoni moja, akaliangalia sinia. Akaliweka sakafuni na kutuamuru tukae kulizunguka: mimi, Wakenya wawili wa kontena lile, mpakiaji wa Kichina, msichana wa ofisi ya stoo na yeye mwenyewe. Tulikaa wanne. Wa tano aliingiza bega. Wa sita, yule msichana, alibaki amesimama akitabasamu kwa aibu. Mkenya mmoja akasema, "Mathe, tuma tu. Hakuna mtu atajua." Na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza, "Dada, tofauti ni ndogo. Wabongo watajulia wapi? Ukikosa kontena hili umekosa msimu, na kina mama hawatakuagiza tena." Nilisema kweli, kwa maana hakuwa na duka wala cheo. Alichokuwa nacho ni kwamba akisema kitu Magomeni kinaaminika. Akichelewa atapoteza jina, na akituma atapoteza jina, ila kutuma kulikuwa na nafasi ya kutojulikana.

Alinigeukia. "Mdogo wangu, hebu niambie. Watu wamealikwa harusini, wamevaa, wamekuja na njaa zao. Sinia limeletwa. Sita wamekaa kama walivyozoea. Ni wawili gani wainuke? Nitajie." Niliinama kufunga katoni. "Nitajie majina, maana wewe ndiye unayewainua." Kisha pale pale stoo akapiga simu Dar, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie, na akawaambia wale kina mama: "Mimi ndiye niliyekosea. Nilipima kwa mkono badala ya futi. Mzigo hauji mwezi huu. Mnaotaka kuagiza kwa mwingine, agizeni, sina kinyongo." Upande wa pili kelele zikazuka. Kuna aliyemwita tapeli. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya," akakata simu, akafuta uso kwa ushungi. Alilia, na aliyejaribu kumpa pole alifukuzwa.

Kesho yake alikwenda kwa laobani. Laobani akasema *mei banfa*, hakuna namna, neno ambalo kila mgeni wa mji huu analijua kabla hajajua kusema maji. Dada akavuta kigoda, akakaa mlangoni na chupa yake ya chai ya tangawizi. Alikaa siku nane. Hakupiga kelele, hakuzuia wateja. Aliwakaribisha ndani, tena akawasaidia kuchagua. Siku ya tatu mume wa laobani alitishia kuita polisi. "Waite," akamwambia, "nawajua, na watoto wao wote wazima." Siku ya nane laobani alitoka, akamshika mkono, akauweka wake juu, kiganja kwa kiganja. Vidole vya dada vilivuka kwa pingili nzima. Mama yule akautazama muda mrefu, halafu akaingia ndani kuchukua futikamba. Walikubaliana hivi: masinia yatarudishwa kiwandani na kutengenezwa upya, na dada atasimama dukani miezi miwili kuhudumia wateja wa Kiafrika bila ujira. Alisimama miezi miwili. Mzigo ulifika Dar baada ya Idi. Wawili katika wale kina mama walikuwa wameshaagiza kwingine na hawakumrudia tena, na hilo lilimuuma mpaka mwisho wa maisha yake.

Nimekaa huku miaka mingi na nimesikia hotuba nyingi kuhusu sisi tulio ughaibuni. Nyumbani wanadhani tunaokota pesa barabarani. Huku wanadhani tumekuja kukimbia njaa. Na sisi wenyewe, nikisema kweli, tumejizoesha ujanja mmoja: mji huu unatudharau, basi na sisi tuna ruhusa ya kuwapunja walio nyumbani. Tunaita kujitafutia. Tunatuma feni zinazokufa kwa mwezi na viatu vinavyoachana na soli kabla ya sikukuu, halafu tunalaumu Wachina, kana kwamba katoni zilijipakia zenyewe. Yule mwanamke aliukataa ujanja huo. Alinyimwa vyumba, alikwepwa kwenye treni, alisimamishwa njiani kama mwizi, na hakumlipisha hata mtu mmoja wa Magomeni kwa ajili ya madhila hayo. Nasikia sasa, mwili ukiwa umeshasafirishwa na kuzikwa, watu wanaulizana kaacha nini, miaka yote China na hana hata kiwanja. Na waulizane wanavyotaka. Mimi najua mashehe na madereva, matajiri na maskini, wameketi sita sita kwenye masinia yake na hakuna aliyeambiwa ainuke. Asiyeiona hiyo kuwa ni mali, na akae na kiwanja chake.

Somo langu limechelewa, lakini limefika. Juzi Alhamisi mteja wangu mkubwa aliniletea kofia za bodaboda nimpakilie, katoni mia na kitu. Nilichukua moja, nikaibonyeza kwa dole gumba, ikabonyea. Nikamwambia hizi zitavaliwa na watoto wa watu, sipakii. Akacheka, akadhani natafuta nyongeza. Nikarudia: sipakii. Akanikumbusha kwamba nusu ya kodi ya ofisi yangu inatoka kwake, na ni kweli. Akasema wakala wa ghorofa ya chini anapakia chochote bila maswali, na hilo pia ni kweli. Akaondoka na katoni zake. Nikaenda nikafungua mlango wa ofisi wote, nikakaa kusubiri mteja mwingine.